Kuba za Udongo za Gourna

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwahi katika umri wake kusafiri mbali zaidi ya Unguja, walakini Misri alikuwa akiijua kwa masikio. Kwani tangu Radio Kairo ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, zilikuwa chache jioni ambazo hakuonekana barazani kwetu Pangani, redio yake ya betri juu ya kigoda, na nyuma yake ule ukuta wa miti na udongo ambao mama alikuwa akiukandika upya kila mwaka baada ya masika, akisikiliza habari za mji ambao mimi mwanawe nilijaaliwa kuukanyaga ilhali yeye amekwisha kuzikwa zamani. Ukuta ule nautaja mapema kwa sababu, ijapokuwa sikulijua hilo nilipokuwa nikifunga mizigo, ndio niliokwenda kuutazama Misri.

Sikwenda kwa ajili ya Mafirauni. Si kwamba nawadharau, kwani nani awezaye kuzidharau kazi zilizodumu miaka elfu nne na zaidi? Lakini wageni wengi humaliza siku zao zote ndani ya makaburi ya wafalme wale, kisha wakarejea makwao wakidhani kwamba Wamisri waliacha kuchonga mawe na kusimamisha majumba siku alipokufa Firauni wa mwisho, hali katika karne iliyopita nchi ile imetoa wachongaji, waandishi na wajenzi ambao kazi zao zastahili kufungiwa safari peke yake. Hao ndio niliowakusudia.

Wa kwanza alikuwa Mahmoud Mukhtar. Sanamu yake mashuhuri, Nahdat Misr, yaani Mwamko wa Misri, imesimama penye kichwa cha barabara iendayo Chuo Kikuu cha Kairo, bustani ya wanyama upande mmoja na bustani ya Orman upande wa pili, na kuba la chuo likionekana kwa mbali mwisho wa njia. Nilivuka daraja asubuhi mapema, kabla ya magari kuwa mengi, nikapata kuizunguka kwa utulivu. Ni kazi ya jiwe la itale lenye wekundu wa waridi, lililoletwa kutoka Aswan: Abul-Hol, yule simba mwenye uso wa mtu, anainuka kwa miguu yake ya mbele, na ubavuni mwake amesimama mwanamke wa shamba ambaye kwa mkono mmoja anafunua shela yake, na mkono wa pili ameuweka juu ya kichwa cha Abul-Hol. Mukhtar alizaliwa mwaka 1891 katika kijiji cha bondeni mwa Naili, na husimuliwa kwamba utotoni alikuwa akifinyanga watu na wanyama kwa udongo wa mfereji. Mwaka 1908 ilipofunguliwa skuli ya sanaa mjini Kairo akawa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza, kisha akaenda Paris, na huko mwaka 1920 akaonyesha mfano mdogo wa sanamu hii, mwaka mmoja tu baada ya Wamisri kuinuka kuwapinga Waingereza. Habari zilipofika nyumbani, gazeti likatoa wito, na watu wakachanga fedha ili mfano ule mdogo upate kuwa jiwe. Ilifunuliwa mwaka 1928 mbele ya stesheni kuu ya reli, stesheni ile ile ambapo mwaka 1923 Bibi Huda Shaarawi, mtetezi wa haki za wanawake, alishuka garini akautoa utaji usoni mwake mbele ya halaiki; na mwaka 1955 ikahamishiwa hapa ilipo sasa.

Nilikaa muda mrefu nikiutazama ule mkono ulio juu ya kichwa. Mtu huweza kumshika mnyama kwa kumfuga, au kwa kumzuia, au kwa kuonyesha kwamba ni wake. Mkono huu hauna lolote katika hayo. Umelala pale kama mkono wa mama anayemwamsha mwana kwa sala ya alfajiri, asimshtue, wala asimwache akaendelea kulala. Naamini kwamba Mukhtar aliupata mkono ule kijijini kwao, wala si Paris.

Jioni yake nilikwenda mji mkongwe, katika njia ya al-Muizz, mpaka mahali paitwapo Bayn al-Qasrayn, ambapo zamani za Wafatimi palikuwa baina ya majumba mawili ya kifalme. Naguib Mahfouz, aliyezaliwa mwaka 1911 katika mtaa wa jirani wa Gamaliya, alilitwaa jina la mahali hapa akalifanya jina la kitabu cha kwanza katika vile vitatu alivyovitoa baina ya mwaka 1956 na 1957, navyo ndivyo vilivyomjengea heshima iliyofikia tuzo ya Nobel ya mwaka 1988, ambayo hakusafiri kwenda kuipokea, bali aliwatuma binti zake wawili. Huyu ni mtu aliyefanya kazi serikalini mpaka akastaafu, katika miaka yake ya awali akiwa katika wizara ya wakfu, akiandika katika saa zilizobaki. Na mwenye kupita katika mitaa ile akiwa amekwisha kuvisoma vitabu vyake huona kila dirisha lina mtu nyuma yake.

Dirisha nililolitafuta mimi lilikuwa la Amina. Wasomaji wanamkumbuka: mke wa mfanyabiashara mkali, anayeamka usiku wa manane kumngoja mume arudi kwenye starehe zake, akasimama nyuma ya mashrabia, lile dirisha la mbao zilizochongwa matundumatundu, akaitazama minara ambayo miaka nenda miaka rudi hakuruhusiwa kuikaribia. Siku moja mume yu safarini, wanawe wanamshawishi aende kuzuru msikiti wa Sayyidna Hussein. Anakwenda, na katika kurudi anagongwa na gari, na kwa kosa hilo la kwenda kuswali mumewe anamfukuza nyumbani. Niliswali laasiri katika msikiti huo, kisha nikatembea kwa miguu kurudi Bayn al-Qasrayn ili niujue huo umbali ambao mwanamke yule aliadhibiwa kwa ajili yake. Ni mwendo wa dakika chache tu, baina ya maduka ya shaba na manukato. Sijui kama kipo kitabu kingine kilichoweza kuweka dhuluma kubwa hivyo katika mwendo mfupi hivyo.

Usiku wa pili yake nikapanda treni kwenda Luxor, na asubuhi nikavuka Naili kwa kivuko mpaka ng'ambo ya magharibi, pamoja na wakulima na baiskeli zao na mafungu ya majani ya ng'ombe, kwenda kukiona kijiji kilichonitoa kwetu, kile cha Hassan Fathy kule Gourna.

Hassan Fathy alizaliwa Iskandaria mwaka 1900, katika watu wenye mali, akasomea uhandisi wa majumba Kairo akafuzu mwaka 1926, na mwenyewe ameandika kwamba alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima ndipo alipolikanyaga shamba kwa mara ya kwanza akaona jinsi wakulima wanavyoishi. Vita Vikuu vya Pili vilipozuia mbao na chuma kutoka ng'ambo, akatambua jambo ambalo mama yangu angelimwambia bure: kwamba udongo, ambao kila mkulima anao chini ya miguu yake, ni nyumba. Kuta hazina taabu. Taabu ni paa, kwa kuwa Misri ni nchi kame isiyo na miti ya boriti. Sisi wa pwani tumejaaliwa mikoko, hata tukawa tunawauzia Waarabu wa Ghuba, lakini mkulima wa Naili akitaka boriti hana budi kununua, na mwenye kununua si maskini. Fathy akajaribu kuezeka kwa matao ya udongo, na matao yakaanguka. Ndipo ndugu yake alipomwambia kwamba Wanubi wa upande wa Aswan huezeka hivyo siku zote, tena bila ya kuweka miti ya kushikilia chini yake. Mwaka 1941 akaenda, akawakuta, akawa mwanafunzi wao.

Nimesema kwamba mama angelimwambia bure, lakini la paa asingelijua, na mimi mwenyewe sikulifahamu mpaka nilipolionyeshwa na mwashi mmoja wa makamo niliyemkuta akitengeneza kibanda cha kuwekea nafaka nyuma ya kijiji, ambaye, alipojua kwamba nimetoka mbali kuja kutazama udongo, aliacha kazi yake akanifundisha kama mtu anayemfundisha mwana wa nduguye. Tofali lenyewe si la kuchomwa. Ni jembamba, kiasi cha sentimita 25 kwa 15, na unene wake sentimita 5, nalo limetiwa makapi mengi zaidi kuliko tofali la ukuta ili liwe jepesi. Likiwa bichi, mfyatuaji hupitisha vidole juu ya uso wake akaacha mifereji miwili ya mshazari. Mwashi huanza kwa ukuta wa nyuma wa chumba, ambao hujengwa mrefu kuliko kuta za ubavuni, akaupaka udongo akachora juu yake mstari wa tao kwa jicho lake na mkono wake, bila ya kamba wala kipimo. Kisha akaweka mstari wa kwanza wa matofali yakiuegemea ukuta huo, na mstari wa pili ukauegemea wa kwanza, vivi hivi, kila mstari umelala kidogo juu ya mwenziwe, na ile mifereji ya vidole inaunyonya udongo mbichi hata tofali likashika ilhali chini yake hapana kitu. Nilinyoosha mkono nikajaribu kuling'oa moja alilolibandika sasa hivi. Halikung'oka. Yule mwashi akacheka akaniambia, "Liache, ya hagg, limekwisha kuwa la jirani yake."

Na elimu hiyo ni ya kale kwa namna inayomshangaza mtu. Mwendo mfupi kutoka hapo, nyuma ya hekalu la Firauni Ramses wa Pili liitwalo Ramesseum, yapo maghala yake ya nafaka, yaliyoezekwa kwa matao ya tofali bichi za udongo, nayo yamesimama miaka takriban 3,200. Nilisema kwamba sikwenda kwa ajili ya Mafirauni; walakini mbele ya maghala yale nililazimika kusimama, maana si hekalu wala kaburi, bali ni kazi ya mafundi, na mkono ulioifanya hauna tofauti na mkono wa yule mwashi niliyemwacha robo saa iliyopita.

Basi mwaka 1945 idara ya mambo ya kale ikamwita Fathy. Watu wa Gourna, kiasi cha 7,000, walikuwa wakikaa mlimani juu ya makaburi ya wakuu wa zama za Mafirauni, na hapana siri kwamba wengi wao walikuwa wakipata riziki kwa kuyachimba. Ilipotokea kwamba nakshi nzima ya ukutani imekatwa mwambani ikaibwa, serikali ikaazimu kuwahamisha wote waje kukaa bondeni, katika ekari 50 zilizonunuliwa karibu na zile sanamu mbili za Memnon. Fathy akatakiwa awajengee kijiji. Naye, badala ya kupanga vibanda vya namna moja kama safu za mabweni, akataka kila ukoo upate kiwanja chake na kila nyumba iwe na sura yake. Akajenga msikiti, soko, skuli, nyumba ya wageni, hata jumba la michezo ya kuigiza. Akawaleta waashi wa Kinubi kutoka Aswan wawafundishe vijana wa Gourna kazi hii ili wenyeji wajijengee wenyewe. Kazi ikaenda misimu mitatu. Wizara zikasukumiana barua, fedha zikachelewa, wenyeji wakakataa kuhama, na usiku mmoja tuta la maji likatobolewa ili kijiji kifurike. Mwishoni mwa miaka ya arobaini kazi ikasimama, na kijiji hakijafika hata nusu.

Fathy aliyaandika haya yote katika kitabu kilichotoka Kairo mwaka 1969 na kisha Chicago mwaka 1973 kwa jina la Architecture for the Poor, na kitabu hicho kikasomwa na wajenzi wa dunia nzima. Waama ni jambo la ajabu: kijiji ambacho wenyewe hawakukitaka kikawa darasa la watu wa mbali.

Msikiti nilioswalia adhuhuri ni katika majengo mazuri kuliko yote niliyowahi kuingia, na nimeingia mengi yaliyogharimu zaidi. Nje yake, ngazi imeachwa wazi inapanda ubavuni moja kwa moja hadi mnarani, kama mkono ulionyooshwa. Ndani, nuru haimwagiki, bali inadondoka kutoka kwenye matundu madogo ya kuba, na jua la mchana wa Luxor, ambalo barabarani lilikuwa likinichoma visigino, humu likawa kama limeamrishwa kuvua viatu. Miaka ya karibuni serikali ya Misri na UNESCO wameutengeneza upya pamoja na nyumba ya wageni na jumba la michezo, na kuta zake ni safi. Nyumba za watu ndizo zilizotoweka. Moja imesimama na kuba lake, inayofuata imevunjwa na mahali pake pamepandishwa ghorofa tatu za zege, nondo zikichomoza juu kungojea ya nne.

Nilikuwa nimezisoma sababu za wenyeji kukataa. Kwanza riziki yao ilikuwa mlimani. Pili, kuba kwao ni jengo la maiti. Na hilo mimi mtu wa pwani sikuhitaji kuelezwa, kwani hata kwetu ukiambiwa "pale penye kuba" wajua kwamba amelala hapo shekhe au sharifu, wala hapana mtu atakaye kulala chini yake akiwa hai. Lakini iko sababu ya tatu, ambayo Fathy mwenyewe aliikiri kwa majuto, nayo ni kwamba katika kuuliza kila ukoo wataka nyumba ya namna gani, aliozungumza nao walikuwa wanaume. Wanawake walifichwa, asiwafikie, ilhali nyumba ni wao waiishiyo tangu alfajiri hata usiku. Nilipolikumbuka hilo nikamkumbuka Amina nyuma ya dirisha lake, nikaona uchungu. Mtu yule alikuwa na moyo mwema kuliko wajenzi wengi, na hata yeye mlango wa jikoni hakufunguliwa.

Mimi nilifunguliwa, kwa karama ya uzee wangu na ya kijana mmoja aliyeniona nikitazama kuba la nyumba yao, akanikaribisha ndani kwa bibi yake. Nilimwita Hajjah, kama wanavyoitwa kina mama wa kule wakipata umri. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mwendo, kanga za kwetu zingelimpendeza. Nusu ya nyumba yake ni ya Fathy na nusu ni ya zege. Nikamwuliza kwa Kiarabu changu cha chuoni kama analipenda lile kuba. Akasema, "Wakati wa joto hulala hapa chini yake, na wanangu kule kwenye zege wanakesha. Lakini nina wana wanne, na kila mmoja ataka kuoa. Niwaweke wapi? Kuba haliwezi kubeba ghorofa."

Katika vitabu vyote nilivyosoma juu ya Gourna, vyenye picha na michoro, sikukumbuka kuliona jambo hili likisemwa kwa wepesi kama huo.

Akanipandisha darini kwenye upande wa zege, ambako alikuwa ameanika mikate. Kule upande wa juu wa Naili mkate wao huumuliwa juani: donge la unga huwekwa juu ya kisahani cha udongo, likaachwa juani mpaka lifure, ndipo likaingizwa tanurini. Visahani vilikuwa zaidi ya ishirini, vimepangwa safu safu, na Hajjah alivifinyanga kwa mkono wake, kwa udongo na makapi yale yale ya matofali. Nilikichukua kimoja kilichokuwa kitupu nikakigeuza: ukingo mzima ulikuwa na alama za dole gumba, moja baada ya moja, zimekwenda sawasawa mpaka zikakutana. Akasema alifundishwa na mamake, aliyeteremka kutoka mlimani akiwa mwari. Nikamwuliza kama mamake aliwahi kuulizwa na wahandisi wa zamani zile alitaka nini. Akafikiri kidogo, kisha akanionyesha uani, penye tanuri la udongo lililojengwa si pembeni, ambako kwa ushahidi wa msingi uliobaki palikuwa na tanuri jingine, bali karibu na mlango, mahali ambapo upepo hauingizi moshi ndani.

"Hawakumwuliza," akasema. "Walipokwisha kwenda zao, akalivunja lao akajenga lake."

Aliponiaga alinifungia mkate mmoja katika gazeti, akaniapisha niule ungali moto. Nikaufungua kivukoni, maji yakiwa yamekuwa mekundu kwa jua la magharibi na kile kilima kisicho watu kikififia nyuma yetu, kwani kuanzia mwaka 2006 matingatinga yalizibomoa nyumba zilizobakia huko na watu wakahamishiwa kwingine. Chini ya mkate zilikuwa zimeganda pumba za ngano, na vumbi kidogo la kile kisahani. Sikulipangusa.